Klabu za huduma zikae na vijana, zisiishie kwenye makabidhiano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niseme na klabu za huduma kwa jamii zilizopo katika miji yetu, yaani Rotary, Lions na nyingine za namna hiyo, kuhusu jinsi zinavyowahudumia vijana. Nimefundisha katika shule za sekondari za serikali mkoani Tanga kwa miaka 31, na kwa miaka saba kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mlezi wa klabu ya Interact, ambayo ni klabu ya vijana wenye umri wa miaka 12 hadi 18 inayodhaminiwa na Rotary. Ninaziandikia klabu hizi kwa sababu ninazithamini, na kwa sababu zina kitu ambacho vijana wetu hawakipati kwa urahisi mahali pengine.

Kila mwaka tunaona picha za makabidhiano. Wanachama waliovaa fulana zenye nembo wanasimama mbele ya shule, viti na meza vimepangwa nyuma yao, mkuu wa shule anapokea kwa niaba ya wanafunzi na mgeni rasmi anatoa nasaha. Aliyewahi kufundisha darasa ambalo nusu ya wanafunzi wanaandikia mapajani hawezi kudharau kiti na meza, wala hawezi kudharau taulo za kike zinazomwezesha binti kuhudhuria masomo mwezi mzima. Lakini kiti kinaweza kununuliwa na halmashauri, au na mfadhili mwingine, au na wazazi wakichangishana. Muda wa mhasibu, daktari, mwanasheria au fundi umeme aliyekubali kukaa na vijana wale wale kwa mwaka mzima hauuzwi dukani wala hautengewi fungu katika bajeti, na huo ndio utajiri ambao klabu hizi zilianza nao.

Tarehe 23 Februari 1905, mwanasheria Paul Harris alikutana mjini Chicago na wenzake watatu: mhandisi wa madini, mfanyabiashara wa makaa ya mawe na mshona nguo. Walilipata jina la Rotary kwa kuwa walikuwa wakipokezana kukutania, leo ofisini kwa huyu na mara nyingine ofisini kwa yule, na uanachama wao ulijengwa juu ya kazi ya mtu, kila mmoja akiiwakilisha fani yake. Klabu ya namna hiyo iliundwa Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949. Interact ya kwanza ilianza mwaka 1962 katika shule moja ya Melbourne, jimboni Florida, ikiwa na wanafunzi 23, na mwaka 1968 ikafuata Rotaract kwa ajili ya vijana waliokwisha kuwa watu wazima. Mwaka 2010 huduma kwa vijana ikawekwa rasmi kuwa njia ya tano ya huduma ya Rotary, sambamba na huduma kwa klabu, kwa kazi, kwa jamii na kwa mataifa. Asidhani mtu kwamba hili ni jambo la wageni peke yao: Mganda Sam Owori alichaguliwa kuiongoza Rotary duniani kwa mwaka 2018-19, ingawa alifariki Julai 2017 kabla ya kushika nafasi hiyo.

Sasa nieleze niliyoyaona. Katika mwaka wa pili wa ulezi wangu, klabu iliyotudhamini ilimtuma mwanachama wake mmoja, mama aliyekuwa mhasibu, aje shuleni kwetu kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, baada ya vipindi. Hakuja na zawadi. Alikuja na kaunta buku mbili, moja ya mihtasari ya mikutano na nyingine ya fedha, akamkabidhi katibu ya kwanza na mweka hazina ya pili, wote wakiwa wanafunzi wa kidato cha pili. Tangu siku hiyo hapakufunguliwa mkutano bila katibu kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, wenzake wakausahihisha, wakauthibitisha na mwenyekiti akatia saini. Kila mwanachama alichangia shilingi 200 kwa wiki na kupewa stakabadhi, hata kama aliyechangia alikuwa rafiki wa karibu wa mweka hazina.

Klabu ya Interact hutakiwa kufanya angalau miradi miwili kwa mwaka, mmoja wa kuisaidia shule au jamii na mwingine wa kujenga maelewano kati ya mataifa. Wanafunzi wetu walichagua kuweka milango na makomeo kwenye vyoo vya wasichana. Wazo hilo lilitoka kwa wasichana wenyewe, nami nikiri kwamba nilipita mbele ya vyoo vile kwa miaka mingi bila kuliona tatizo. Walilima matuta ya mchicha nyuma ya maabara, wakawauzia walimu na majirani, na baada ya muhula mmoja na nusu wakamwita seremala. Mradi wa pili ulikuwa kuandikiana barua, kwa Kiswahili, na wanafunzi wa shule moja ya Mombasa.

Katikati ya muhula ule hesabu zilipungua shilingi 1,400. Mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nilitaka mweka hazina aitwe ofisini. Yule mama alinisihi tungoje. Alikaa na kijana huyo kwenye benchi chini ya mwembe, wakafungua daftari na vishina vya stakabadhi, wakapitia mstari kwa mstari hadi wakaona kwamba mbegu za mara ya pili zilinunuliwa na malipo yake hayakuandikwa. Kijana aliandika kosa hilo kwa mkono wake katika daftari na kulieleza mbele ya wenzake wote. Leo ana miaka zaidi ya 25, anaendesha bodaboda, na ndiye mweka hazina wa kikundi cha waendesha bodaboda wenzake. Aliponitembelea mwaka jana alinionyesha daftari la kikundi hicho, na nikautambua mpangilio wa safu zake kabla hajanieleza alikojifunza.

Nalitaja hilo kwa sababu lina uzito kwa taifa. Sheria inazitaka halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana kwamba kulikuwa na vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Wadanganyifu wapo, lakini nimewaona pia vijana waaminifu waliokosa mkopo, au waliopata na kugombana ndani ya miezi michache, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafundisha kuandika katiba ya kikundi, kuendesha mkutano au kutofautisha fedha za kikundi na za mfukoni. Mafunzo ya siku moja ukumbini kabla ya kusaini mkataba hayawezi kuijenga tabia hiyo. Hujengwa polepole na mapema, kwa fedha ndogo, chini ya jicho la mtu anayejua kazi.

Jambo jingine ni lugha, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Rotary ina maswali manne ambayo mwanachama hujiuliza kabla ya kusema au kutenda jambo. Yaliandikwa na Herbert J. Taylor mwaka 1932 na yakapokelewa na Rotary mwaka 1943. Wanafunzi wetu waliyakariri kwa Kiingereza, wakayatamka kwa sauti moja mwanzoni mwa kila mkutano, na sikuona kama yalimgusa yeyote. Siku moja yule mama aliwaomba wayaweke kwa Kiswahili. La kwanza halikuwasumbua: Je, ni kweli? Walipofika la pili walikwama kwa zaidi ya saa nzima, kwa maana baadhi walitaka liwe "Je, ni haki kwa wote wanaohusika?" na wengine walitaka "Je, ni sawa kwa wote?" Binti mmoja aliuliza: kama sote tunachanga shilingi 200 tuko sawa, lakini je, ni haki kwa mwenzetu ambaye hiyo 200 ndiyo nauli yake ya daladala? Hapo ndipo mjadala ulipowaka. Waliamua kwamba asiyeweza kuchanga fedha atachanga saa moja ya kumwagilia bustani, na saa hiyo iandikwe katika daftari kama mchango kamili. Walichagua neno haki, na nina hakika hakuna aliyekuwapo siku ile ambaye amesahau sababu.

Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili na huingia kidato cha kwanza Kiingereza chao kikiwa bado kichanga. Klabu inayoendeshwa kwa Kiingereza tangu salamu hadi kufunga huwaacha wazungumze wale wachache waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza, na wengine hubaki wapiga makofi. Pengine ndiyo sababu, kwa niliyoyaona katika mkoa wangu, klabu za Interact hustawi zaidi katika shule binafsi za ada kubwa, ambako vijana tayari wana wazazi wenye taaluma na mitandao ya kuwafungulia milango. Sisemi vijana hao wanyimwe. Nasema mtoto wa shule ya kata, ambaye hajawahi kuketi na mhasibu wala mhandisi, ndiye aanze kufikiriwa.

Vivyo hivyo kwa vijana walio nje ya shule. Tangu mwaka 2020 klabu ya Rotaract inaweza kuundwa bila kudhaminiwa na klabu ya Rotary, na ukomo wa umri wa miaka 30 umeondolewa, hivyo njia imepanuka. Hata hivyo, ada ya kimataifa iliyoanza mwaka 2022 ni dola 5 kwa mwanachama wa klabu ya chuo na dola 8 kwa mwanachama wa klabu ya mtaani, na kijana wa gereji au wa genge la mboga anaikuta ada kubwa kuliko ya mwanafunzi wa chuo kikuu. Klabu mama zinaweza kulibeba pengo hilo kwa gharama ndogo sana kuliko ya mlo mmoja wa wanachama wake hotelini, na mikutano ifanyike katika ofisi ya serikali ya mtaa, ambako kijana haoni haya ya viatu vyake.

Nirudi kwa klabu yetu. Baada ya miaka mitatu yule mama alihamishwa kikazi. Klabu iliyotudhamini, ambayo sitaitaja, haikumtuma mwingine. Niliandika barua mbili na kupiga simu mara kadhaa, nikaahidiwa, na kwa miaka miwili iliyofuata wageni wetu walikuja mara moja tu, siku ya makabidhiano. Wanafunzi waliendelea wenyewe kwa muda, nikiwasaidia kadiri nilivyoweza, lakini mimi ni mwalimu wa Jiografia na sikuweza kuwapa kile walichokizoea. Mikutano ikawa ya mwezi, kisha ya muhula, na nilipokaribia kustaafu walibaki wanane.

Najua nitajibiwa kwamba wanachama wana shughuli nyingi na wanajitolea tayari. Ni kweli, na ninawashukuru. Ndiyo maana siombi klabu ichukue shule kumi. Ichukue moja, iwapangie wanachama wawili badala ya mmoja ili mmoja akihama mwingine abaki, na iahidi kwa maandishi muda usiopungua miaka minne, yaani tangu mtoto anaingia kidato cha kwanza hadi anamaliza cha nne. Watu hao wawili wachunguzwe kabla ya kupewa dhamana, wazazi watoe ridhaa, na mikutano ifanyike mahali pa wazi mwalimu mlezi akiwapo, maana usalama wa mtoto hautegemei sifa njema ya mgeni. Wakuu wa shule nao wawape vijana saa hiyo bila kuigeuza kuwa ya kufyeka nyasi.

Kwako Mhariri, nina ombi moja. Mwandishi wako anapokwenda kuandika habari za makabidhiano, arudi shuleni hapo baada ya miezi sita, awaulize wanafunzi ni nani kati ya wale wageni wanamfahamu kwa jina, na mara ya mwisho alikuja lini, kisha jibu lao lichapwe kwa ukubwa ule ule wa picha ya kwanza.

Kaunta buku zile mbili ninazo nyumbani. Ya fedha imefungwa kwa salio la shilingi 11,600, ambalo nililikabidhi kwa mkuu wa shule na kupewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo imebandikwa katika ukurasa wa mwisho. Ya mihtasari bado ina kurasa nyingi tupu. Klabu yoyote itakayokubali kuanza tena na vijana wa shule ile, nitaipatia zote mbili, na Alhamisi ya kwanza nitafika mwenyewe kuwasomea muhtasari wa mkutano uliopita.

Mwalimu mstaafu,
Tanga