Yona, usiziparue kingo za lambo

Wilaya ya Chamwino,
Dodoma.
18 Mei 2025

Rafiki yangu Yona,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima. Mama anakusalimu na anauliza kama mtama umekubali Manyoni mwaka huu. Hapa umekubali kiasi, uwele ndio umetoa vizuri zaidi.

Barua yako niliipata Jumatano na nikaisoma mara mbili. Nimefurahi sana kusikia lambo lako limejaa hadi juu. Lakini nilipofika pale unaposema umeweka vibarua wanne waparue kingo zote mpaka zing'ae kama uwanja wa nyumbani, moyo ulinishtuka. Nimekupigia simu tangu juzi haipatikani, ndiyo maana nampa dereva wa basi karatasi hii. Kama itakukuta hawajamaliza, wasimamishe. Walipe siku zao, washukuru, waende.

Najua wazo hilo limetoka wapi. Mimi na wewe tumelelewa na ufagio. Kwetu uwanja wenye majani ni wa mtu mvivu, na majani marefu ni nyumba ya nyoka. Sisi wenyewe, kwenye lambo la kijiji, tulifanya hivyohivyo. Oktoba moja mtoto aliyekuja kuchota maji alikutana na swila kwenye nyasi za tuta linalozuia maji. Hakuumwa, Mungu alisaidia, lakini kesho yake kijiji kizima kilitoka na majembe. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati, na mimi ndiye niliyewagawia watu mistari. Kufikia jioni tuta lilikuwa jekundu tupu, na wazee wakatusifu.

Mvua ya kwanza ya Desemba ilinyesha usiku. Unaijua mvua yetu: inakaa miezi saba bila kuonekana, halafu inashuka kwa hasira. Asubuhi nilikuta vijifereji kutoka juu hadi chini, vyembamba kama kidole, kana kwamba mtu amelikwaruza tuta kwa kucha. Mwishoni mwa Januari nilisimama ndani ya kimoja wapo, kikanifika magotini. Na udongo wote ule ulikuwa umeingia ndani ya lambo. Mwaka ule maji yalituishia Agosti, wakati tulizoea kufika nayo Novemba. Akina mama walirudi kuchimba visima vya mchanga mtoni. Sijalisahau jambo hilo, na sitaki likupate.

Unakumbuka habari za Kondoa, makorongo yale ya Irangi ambayo mtu akisimama ndani haonekani? Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililokuwa limeharibika zaidi. Watu waliumia sana kutengana na ng'ombe wao, hilo lisemwe. Lakini ardhi ilipopumzishwa, majani na vichaka vilirudi na kuishika ile miteremko. Kama majani yaliweza kushika vilima vya Kondoa, tuta lako la mita tatu hayatalishindwa.

Basi nikueleze tunavyofanya sisi sasa.

Nyasi tunazozitaka ni ukoka. Unatambaa, na kila kipingili kinachogusa udongo kinatoa mizizi yake, mpaka tuta zima linakuwa kama limevishwa mkeka. Maji ya mvua yanateleza juu ya mkeka bila kuchimba. Panapoporomoka zaidi tumepanda nyasi za vetiva kwa mistari inayokingama mteremko, kwa sababu mizizi yake inakwenda chini wima. Upandaji ni Januari, udongo ukiwa umelowa: unakata vipando vyenye vipingili viwili vitatu, unavifukia shibiri moja moja, unakanyaga kwa mguu. Usipande sasa, vitakauka vyote.

Sasa ukataji. Kukata ni kukata, Yona, siyo kung'oa. Tunafyeka mara moja katikati ya masika nyasi zikizidi, na mara ya pili ndiyo sasa, Mei, mvua zikishaondoka. Tunabakiza kimo cha kiganja. Kimo hicho kinatosha kumwona nyoka na kinatosha kuufunika udongo upepo wa kipupwe ukianza. Ukikata mpaka kwenye shina, ukoka utaungua kwa jua kabla ya Septemba.

Kingo zako umesema zimesimama sana, kwa hiyo sikiliza hapa vizuri. Usimruhusu mtu afyeke na umande. Subiri mpaka kama saa nne, nyasi zimekauka, kwa sababu nyasi mbichi kwenye mteremko ni kama sabuni. Katambuga hapana, vaa buti au gambuti lenye meno. Tembea kwa ubavu, ukikingama mteremko, usifyeke ukishuka wala ukipanda. Mguu wa chini uutie nguvu, na fyekeo lirushwe kuelekea mbali na mguu huo. Sisi tunaanza chini, tunamaliza mstari mmoja, tunakokota majani kwa reki, ndipo tunapanda mstari wa juu yake, kwa sababu ukikanyaga majani yaliyokatwa utateleza nayo mpaka majini. Upande wa maji, anayefyeka anafungwa kamba kiunoni na mwenzake anaishika juu ya tuta, kamba imezungushwa kwenye kigingi. Tupa ya kunolea iwe mfukoni. Fyekeo butu linamfanya mtu atumie nguvu, na nguvu ndiyo inayomwangusha.

Majani uliyoyakata usiyaache yaingie ndani ya maji. Yakioza yanakula hewa ya maji, na samaki wako watakuja juu kuhema kisha wafe. Yafunge mafungu, yakaushe, wape ndama mwezi wa Septemba. Utanishukuru. Dawa ya kuua magugu usiikaribishe hapo hata kwa bei ya bure. Ng'ombe wanakunywa, watu wanakunywa.

Na kuna faida nyingine ya kufyeka ambayo watu hawaisemi: nyasi zikiwa fupi ndipo tuta linasema. Mwaka juzi nilikuwa nafyeka upande wa nje, fyekeo likazama. Nikapiga magoti, nikatenganisha nyasi kwa mikono. Tundu, mlango umesuguliwa ukalainika, na alama ya mkia kwenye vumbi: kenge. Nikaingiza fimbo ya kuchungia, ikaingia yote, na mkono mpaka kiwikoni. Tulilichimba mpaka mwisho wake, tukalijaza udongo wa mfinyanzi wenye unyevunyevu kidogo kidogo, kila tabaka tukilishindilia. Kama lingekuwa limefunikwa na majani ya kufika kiunoni, tungelijua siku maji yanatoka upande wa pili.

Ukaguzi wa Septemba usiukose. Kila kitu kimekauka, kisha chini ya tuta unaona kipande kimebaki kijani. Hapo maji yanavuja. Chimba kidogo uyaangalie: yakiwa maangavu, weka alama na upite kila wiki kuona kama yanaongezeka. Yakiwa na tope, tuta linaliwa ndani, usilale, mwite mtaalamu wa maji wa wilaya siku hiyohiyo.

Migunga nayo. Ndege wanaleta, ng'ombe wanaleta, inaota yenyewe juu ya tuta. Ing'oe ikiwa unene wa kidole gumba. Ikiachwa ikakua halafu ikakatwa, mizizi inaoza na kuacha njia za maji katikati ya udongo. Kivuli cha mti kwenye tuta kinapendeza, najua, hata mimi nilikipenda. Panda mwembe wako mbali, kule kwenye tambarare.

Mwisho, ng'ombe. Kwato kwenye mteremko ni mbaya kuliko mvua. Zungushia miiba mwaka huu, ukipata nafasi panda minyaa au mkonge iwe ua wa kudumu, na maji yapelekwe kwa bomba mpaka kwenye birika la kunyweshea lililo nje. Utoro wa maji, pale yanapotokea lambo likijaa, uwe na ukoka mfupi kuliko kwingine, wala pasipite ng'ombe hata mmoja.

Kama walishaparua upande mmoja, usikate tamaa. Tandaza yale majani yaliyong'olewa juu ya udongo, yalaze kwa matawi ya miiba upepo usiyachukue, na uweke mawe pale mawimbi yanapopiga. Yatakuvusha mpaka mvua. Januari nitakutumia viroba viwili vya vipando vya ukoka kwa basi hilihili, vimelowekwa, kwa hiyo uwe stendi mapema.

Nijibu upesi uniambie wamefika wapi. Wasalimie watoto na shemeji.

Ni mimi rafiki yako,
Elia