No Angels hawapimwi kwa hesabu za YouTube

Mhariri,

Siku hizi kurasa za burudani zikitaja kundi la zamani hukimbilia kutueleza video yake imetazamwa mara ngapi YouTube. Kwa No Angels, waimbaji watano wa kike waliokutanishwa na Popstars, kipindi cha kusaka waimbaji cha televisheni ya RTL II nchini Ujerumani mwaka 2000, kipimo hicho kinapotosha, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Wimbo wao wa kwanza, Daylight in Your Eyes, ulitoka Februari 2001 ukashika namba moja Ujerumani, Austria na Uswisi. YouTube ilikuwa haijazaliwa, ilikuja 2005. Video ilitengenezwa ili ipigwe VIVA, kituo cha muziki cha Köln, au MTV ya Ujerumani. Shabiki aliyeipenda alikwenda dukani kununua CD, na ununuzi huo ndio uliopandisha wimbo kwenye chati. Kufikia 2003 walikuwa na nyimbo nne zilizofika namba moja kwao, pamoja na albamu tatu: Elle'ments, Now... Us! na Pure. Mwaka huohuo wakatengana.

YouTube ilipokuja kuenea, mashabiki wao wakakuta mlango umefungwa. Mkataba kati yake na GEMA, shirika linalowakusanyia watunzi mirabaha Ujerumani, ulikwisha 2009 bila kuongezwa. Tangu hapo hadi mwisho wa Oktoba 2016, aliyekuwa Ujerumani akibonyeza video za muziki, nyingi zilimjibu kwamba hazipatikani nchini mwake. Miaka saba na zaidi! Monrose, kundi la wanawake watatu lililotoka Popstars mwaka 2006 na kuvunjika 2011, nalo liliingia katika kipindi hicho likiwa bado linafanya kazi. Ukiona namba ndogo chini ya video zao, kumbuka wanunuzi wao wakubwa walikuwa wamezuiwa kutazama.

Halafu kuna nakala zenyewe. Video za 2001 zilipimwa kwa skrini ya televisheni ya 4 kwa 3 (upana 4 kwa kimo 3), si skrini pana ya leo. Mtu akiivuta ijae skrini, nyuso zinanenepa. Akiikata juu na chini, robo ya kimo cha picha inapotea, na kwa kundi linalocheza pamoja robo hiyo ndiyo yenye miguu. Hapo ndipo utasikia mtu akisema hawakujua kucheza! Ukiona mistari kama meno ya kitana kando ya mkono unaopunga, ujue picha ya televisheni ya wakati ule ilirushwa kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, na aliyeinakili hakuzioanisha. Midomo ikipishana na sauti, usiwalaumu waimbaji moja kwa moja. Fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, zilikuwa 25 kwa sekunde, kwa hiyo sauti ikichelewa fremu tano tu wakati wa kunakili ni moja ya tano ya sekunde, na jicho linaona. Nakala ya kuamini ni ile yenye pau nyeusi kushoto na kulia.

Hesabu nyingine inayorudiwa dhidi ya No Angels ni pointi 14. Ni kweli, walirudi 2007 wakiwa wanne, bila Vanessa Petruo, na kwenye fainali ya Eurovision, shindano la nyimbo ambamo nchi hupeana pointi, huko Belgrade mwaka 2008 wimbo wao Disappear ulimaliza wa 23. Pointi 12 zilitoka Bulgaria, alikozaliwa mmoja wao, Lucy Diakovska, na 2 Uswisi. Lakini Uingereza na Poland nazo zilipata 14 usiku ule. Tena kanuni za wakati huo zilitaka sauti zote ziimbwe hapohapo, na jukwaani wasizidi watu sita. Studio inaweza kurekodi sauti moja mara nyingi na kuzipanga tabaka juu ya tabaka. Pale walikuwa na koo zao na dakika tatu. Kuutumia usiku huo kufuta kazi ya 2001 hadi 2003 ni kuwaonea.

Ombi langu ni dogo: mkichapisha idadi ya kutazamwa kwa video yoyote ya zamani, andikeni pembeni mwaka wimbo ulipotoka, mwaka video ilipopandishwa YouTube, na nafasi wimbo ulioshika kwenye chati ya nchi yake.

Msomaji wenu