Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Msiwaambie wazee wapumzike tu

Mheshimiwa Waziri,

Mzee akilalamika magoti kliniki, huambiwa apumzike. Akisema anachoka upesi, vilevile apumzike. Akiwa na bahati ataambiwa atembeetembee kidogo. Nakuandikia kwa sababu ushauri huu unawamaliza wazee wetu.

Mtazame mzee anavyoinuka kitini. Anajisogeza hadi ukingoni, anashika magoti, anajisukuma, nusura asimame, kisha anarudi chini kwa kishindo. Anajaribu tena. Sisi tulio karibu tunakimbilia kumshika mkono huku tukisema ndio uzee huo. Lakini mara nyingi ni mapaja na makalio yaliyokosa kazi, na nguvu hiyo inaweza kurudi.

Mwaka 1990 mtafiti Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafundisha kunyanyua uzito wazee dhaifu waliokuwa wakiishi katika makao ya kutunzia wazee. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Kwa waliomaliza wiki 8, nguvu ya mapaja ilipanda kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutembea na mkongojo. Miaka 90, Mheshimiwa! Basi nani atamwambia mtu wa miaka 68 kwamba amechelewa?

Kutembea kunafaa sana kwa moyo, sikatai. Ila hakuipi misuli mzigo wa kutosha. Zinazodhoofika zaidi uzeeni ni nyuzi za misuli zenye kasi, zile zinazomwezesha mtu kujizuia anapojikwaa. Zikiisha, kujikwaa kidogo tu kunakuwa nyonga iliyovunjika, na wengi wakishavunjika nyonga hawarudii tena maisha ya kujitegemea. Mazoezi ya nguvu pia husaidia kulinda mifupa, na misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, jambo kubwa kwa mwenye kisukari.

Mwongozo upo tayari. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na siku 3 au zaidi wachanganye mazoezi ya nguvu na ya kuhimili mwili usiyumbe.

Wala hakuhitajiki mashine. Kiti imara kilichoegemezwa ukutani kinatosha kuanzia: mzee anakunja mikono kifuani, anasimama, kisha anashuka polepole bila kujibwaga, akipumua kawaida bila kubana pumzi. Ikiwa rahisi, mzigo uongezwe. Hapo ndipo wengi wetu tunapoogopa, na bila kuongeza mzigo mwili hauna sababu ya kupata nguvu zaidi. Mwenye maumivu ya kifua, presha isiyodhibitiwa au aliyetoka kufanyiwa upasuaji apimwe kwanza.

Ninachoomba ni hiki. Kila mzee anayepimwa presha apimwe pia anaweza kusimama kitini mara ngapi kwa sekunde 30, na idadi iandikwe kwenye kadi yake. Wauguzi wafundishwe mazoezi haya na wataalamu wa fiziotherapia, kisha wayaandike kama wanavyoandika dawa: siku ngapi, mara ngapi, mzigo gani.

Tafadhali tujibu hadharani mafunzo hayo yataanza lini.

Wako mtiifu,
Mwananchi anayetunza wazazi wazee