Faili nayo ina kwao

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Arua. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nafundisha vijana kompyuta kwenye chumba kimoja karibu na soko, na nimeamua kuwaandikia kwa sababu ya ule ukurasa wenu wa teknolojia wa juma lililopita, pale mwandishi alipowaambia wanaoanza JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kwamba faili ni maandishi yaliyohifadhiwa tu, ukishayasoma yakaingia kwenye programu yako basi umemaliza, endelea na kazi. Mimi nasema hujamaliza. Hapo ndipo shida inapoanza, na vijana wengi wanaingia nayo bila kujua.

Niwaeleze kilichotukuta mwaka jana. Kuna shule moja ya sekondari hapa kwetu, jina silitaji manake kosa halikuwa lao, kila darasa kuanzia S1 mpaka S6 lina folda yake na ndani ya kila folda mwalimu wa darasa ameweka faili inaitwa orodha.md (hiyo .md ni Markdown, maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio), ina majina ya wanafunzi na matokeo ya mtihani. Walitaka zigeuzwe ziwe kurasa za HTML, yaani kurasa za kufunguliwa kama tovuti, ziwekwe kwenye kompyuta ya ofisi, wazazi wakija siku yao waone. Kazi nyepesi. Vijana wangu wawili wakaandika skripti jioni moja, soma kila faili kwa readFile, amri ya kusomea faili, geuza, halafu andika kwenye folda mpya kwa jina orodha.html. Ikakimbia vizuri, hakuna eraa hata moja, tukafunga mlango tukaenda kunywa chai.

Siku ya wazazi kufungua, ukurasa uliopo ni mmoja tu, wa S4. Faili sita zimeingia, imetoka moja! Tukarudia skripti pale pale watu wakisubiri, ikatoka ya S2, tukarudia tena ikatoka ya S5, kwa sababu readFile haipangi foleni, zote zinasomwa kwa pamoja na ile inayoandikwa mwisho ndiyo inafunika wenzake maana jina ni lile lile. Mama mmoja wa mtoto wa S1 alikuwa ametoka mbali, amepanda boda kisha taksi, akarudi bila kuona kitu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa tujiulize, kilipotea nini? Maandishi hayakupotea, yalisomwa yote hadi nukta ya mwisho. Kilichopotea ni kwao, yaani yametoka folda gani. Ukiita readFile inakurudishia baiti za maandishi peke yake, inaitwa Buffer, na hiyo Buffer ukiiuliza wewe ni wa S1 au wa S6 haina jibu, haijui jina la faili, haijui folda, haijui ilibadilishwa lini. Hizo habari zinazoihusu faili bila kuwa ndani ya faili ndizo wanaita metadata, na programu ya kijana anayeanza inazitupa kwenye mstari wa kwanza kabisa wa kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe.

Sisi hapa Uganda tunalijua hili kwenye maisha ya kawaida. Ukihamia mahali ukataka kupanga nyumba, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, anakuuliza barua ya LC1 wa kule ulikotoka, si kwamba hakuoni kwamba wewe ni mtu, anakuona umesimama mbele yake, lakini anataka kujua umetoka wapi na kule ulikuwa unajulikana kwa jina gani. Faili nayo inatakiwa itembee na barua yake.

Na kwa bahati nzuri watu walishatengeneza laibrari ya kazi hii, yaani kodi iliyo tayari unayoiita ndani ya programu yako. Inaitwa Vinyl, jina lenyewe maana yake ni santuri, na ndiyo inayotumika ndani ya gulp, ile zana ya kujengea tovuti iliyotoka 2013. Vinyl haisomi diski wala haiandiki, kusoma na kuandika kuna mwenzake anaitwa vinyl-fs. Yenyewe ni objekti ndogo tu inayobeba faili pamoja na barua yake. Mimi na vijana wangu tunaiita faili pepe, kama tunavyosema barua pepe, kwa sababu inakaa kwenye memori na si lazima iwe ipo kwenye diski yoyote, inaweza kuwa imetoka kwenye seva ya mbali au umeitunga mwenyewe ndani ya programu, yote ni sawa kwake.

Ndani yake kuna cwd, yaani folda ambayo programu inaendeshwa kutoka humo, kuna base, yaani folda ya kuanzia kuhesabu anwani, kuna path ambayo ni anwani kamili, na kuna contents ambayo ndiyo maandishi yenyewe. Hiyo base ndiyo iliyotuokoa na ndiyo naomba muielezee vizuri siku mkirudia makala ile. Ukiiambia gulp ichukue madarasa/**/*.md, inaangalia ile sehemu ya kabla ya nyota, yaani madarasa, inaifanya kuwa base. Halafu ukiomba relative, yaani anwani ya faili kuanzia kwenye base, unapata S1/orodha.md, S2/orodha.md, hivyo hivyo mpaka S6, na wakati wa kuandika kwenye folda mpya inafuata hiyo relative, kwa hiyo kila orodha inaingia kwenye folda ya darasa lake bila wewe kuhangaika. Kodi yetu yote ya kugeuza tuliiacha kama ilivyo, tulichobadilisha ni kwamba badala ya kupitisha maandishi tukapitisha faili nzima. Kurasa sita zikatoka.

Kingine ninachokipenda sana ni history, orodha ya anwani zote ambazo faili imepitia. Ukibadilisha extname, yaani mkia wa jina la faili, kutoka .md kwenda .html, Vinyl haifuti jina la zamani, inaongeza anwani mpya mwisho wa orodha, na path unayoiona ni ile ya mwisho tu. Kwa hiyo history[0], yaani anwani ya kwanza, siku zote inakwambia faili ilizaliwa wapi hata kama imebadilishwa jina mara tano njiani. Mzazi akija kusema jina la mtoto wangu limekosewa kwenye ukurasa huu, unaangalia history[0] unajua ukafungue faili ipi urekebishe, huhitaji kubahatisha kati ya orodha sita zinazofanana.

Kuhusu contents kuna jambo la kuangalia. Inaweza kuwa Buffer, yaani faili nzima iko kwenye memori, inaweza kuwa strimu, maji ya bomba yanayopita kidogo kidogo, hiyo ni ya faili kubwa ambayo kompyuta yenye ramu ndogo haiwezi kuimeza, au inaweza kuwa null, haina kitu. Hiyo null watu wanadhani ni kosa kumbe ina kazi yake, kama unataka majina tu, labda unatengeneza orodha ya faili za kufuta, kwa nini usome maandishi yote? Unaweka read: false unapata barua bila mzigo. Ila sasa kodi yako lazima iulize kwanza, isBuffer() au isStream() au isNull(), usidhani tu kwamba ni Buffer, mimi vijana wangu nawalazimisha waandike hayo maswali kabla ya mstari mwingine wowote. Na anayetumia gulp toleo la 5, lililotoka 2024, ajue kwamba sasa inasoma kila faili kama maandishi ya UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, usipoikataza, kwa hiyo picha kama beji ya shule inaharibika kimya kimya, lazima uandike encoding: false kwa picha.

Halafu kuna stat. Hii inabeba ukubwa wa faili na mtime, yaani saa ambayo ilibadilishwa mara ya mwisho, na kwa sababu hiyo gulp inaweza kuchukua faili zilizobadilika tu tangu safari iliyopita kwa kutumia since, kitu kizuri sana kwenye mashine zetu za mtumba. Lakini mashine hizo hizo zinajulikana, betri ndogo ya ndani ya saa imekufa, ukiiwasha leo inakwambia ni mwaka 2009. Mwalimu anaandika orodha jana usiku kwenye mashine hiyo, analeta flashi, faili inasema imeandikwa 2009, na since inaweza kuiruka kwa sababu inaona ni ya zamani. Hapo laibrari haina kosa, imesoma ilichoambiwa. Nataka tu vijana waelewe kwamba metadata nayo inaweza kudanganya, na pia kwamba ukibadilisha contents ndani ya programu ile stat haibadiliki yenyewe, ukubwa unaouona pale bado ni ule wa kwenye diski.

Kuna laibrari nyingine ya ukoo huu, vfile, ya hawa watu wa unified, mradi wa zana za kushughulikia maandishi kama Markdown. Inafanana, ina path, ina cwd, ina history, maandishi inayaita value. Ila imeongeza vitu viwili ambavyo kwa maoni yangu Vinyl ilipaswa kuwa navyo tangu mwanzo. Cha kwanza ni data, sehemu maalumu ya kuweka mambo yako mwenyewe, mfano jina la mwalimu wa darasa. Kwenye Vinyl unaweza kubandika chochote popote kwenye objekti, na siku programu mbili zikibandika kitu kwa jina moja zinagongana. Cha pili ni messages. Programu ikikuta tatizo, tuseme mstari wa 14 mtoto ana alama 130 kwa mia, inaiandikia faili yenyewe onyo kwa file.message() pamoja na mstari na nafasi, na kazi inaendelea, ila kama tatizo ni kubwa mno inaita file.fail() na kila kitu kinasimama. Mwisho unachapisha maonyo yote yamepangwa kwa faili. Zamani sisi tulikuwa tunachapisha onyo kwa console.log, amri ya kuandika kwenye skrini, linasema tu alama zimezidi mia, darasa gani, mtoto gani, hujui, unaanza kufungua moja moja. Sasa namtumia mwalimu wa S3 maonyo ya S3 peke yake, anarekebisha kwa dakika chache.

Na watu wa kwetu wataelewa haraka kwa nini faili ya kwenye memori ni bora. Zana za zamani kidogo zilikuwa zinaandika faili za muda kwenye diski kila hatua, geuza andika, soma tena, punguza andika, na umeme ukikatika katikati unabaki na folda imejaa faili nusu nusu usizojua zipi nzima. Faili pepe inapita hatua zote kwenye memori na inaandikwa mara moja mwishoni. Umeme ukikatika katikati ya hizo hatua umepoteza kazi ya memori tu, faili za walimu ziko salama pale zilipo.

Najua wengine watasema mambo haya ni makubwa kwa anayeanza, mwacheni ajue kusoma faili kwanza. Nimeyasikia hata kwa walimu wenzangu. Lakini mtoto wa S2 hapa Arua anaelewa barua ya LC1, basi anaweza kuelewa base na history, ninawafundisha siku ya tatu na wanaelewa. Kinachowashinda ni kwamba maelezo yote yako kwa Kiingereza kigumu na bando ni ghali, tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data, kijana hawezi kukaa mtandaoni anatafuta tafuta. Gazeti analisoma bure kibandani kwa kinyozi. Baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, sasa kama kitafundishwa basi na kuandika kodi za programu kufundishwe kwa Kiswahili pia, sioni kwa nini tusubiri.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, makala ile mkiirudia msianze na faili moja inaitwa mfano.txt, kwenye faili moja kila kitu kinafanya kazi na mwanafunzi haoni shida yoyote. Anzeni na folda sita, kila moja ina orodha.md ndani, mwambieni msomaji azigeuze zote na aziweke mahali pamoja, halafu ahesabu zimetoka ngapi. Zile folda zetu nimeshaondoa majina ya watoto, nikaweka majina ya samaki wa Nile, na skripti zote mbili ipo ile mbovu na ile iliyorekebishwa, nitazileta kwenye flashi nikishuka Kampala mwisho wa mwezi.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa kompyuta, Arua