Barua kwa wenye karakana za ngozi Kariokor: mwiteni muuza gundi mezani

Wanangu mnaoshona ngozi Kariokor, pamoja na ninyi mliohamia Kariobangi,

Juzi nilipita sokoni nikamkuta mmoja wenu akimfokea kijana aliyeleta soli. "Shusha bei ama nitafute mwingine!" Kijana alishusha shilingi kumi kwa kila jozi, akaenda zake bila kuaga. Simtaji aliyefoka, anajijua. Nilisimama pale nikaona haya, maana sauti ile niliwahi kuwa nayo mimi.

Enzi hizo nilipata oda ya ndara jozi 300 za kwenda Arusha. Nilimkaba mtu wangu wa soli mpaka akakubali bei yangu. Hakuniambia, wala sikumuuliza, kwamba kwa bei ile angeniletea soli za iva, zile nyepesi kama sifongo. Nilipoziinua nikafurahi: mzigo mwepesi, nauli ndogo! Gundi ilikuwa ileile, mafundi walewale. Wiki tatu baadaye simu ikalia. Soli zinabanduka. Jozi 112 zilirudi kupitia mpaka wa Namanga ndani ya magunia, na nauli ya kwenda na ya kurudi ikawa yangu.

Aliyeniokoa ni mama aliyekuwa akiniuzia gundi. Alikuja mwenyewe, akavuta kigoda, akaomba soli moja na kipande cha msasa. Akaikwaruza mpaka ule mng'ao ukaisha. Akapaka praima, ile dawa ya kuiandaa soli ishike gundi, ambayo mimi sikuwa hata nayo dukani, akaiacha ikauke. Ndipo akapaka gundi pande zote mbili, kwenye soli na kwenye ngozi, halafu akakaa tu akinywa chai. Mimi nilizoea kubandika papo hapo, gundi ingali mbichi. Yeye aliigusa kwa ncha ya kidole, na ilipoacha kuking'ang'ania ndipo akabandika na kuigonga kwa nyundo. Kesho yake niliivuta ile soli kwa koleo. Ngozi ilichanika, soli ikabaki palepale.

Mkisikia neno ubunifu kwenye semina mnafikiria mashine ya leza na programu za simu. Sizikatai, mwenye pesa anunue. Lakini karakana ya watu sita haina maabara, na yule mama alikuwa ameingia karakana nyingi kuliko mimi, akaona za kila mtu zikibanduka. Alikuwa na majibu miaka yote ile. Mimi nilikuwa nikimuuliza bei tu.

Sasa mnataka kuuza nje, na mna haki. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki upo tangu 2005: bidhaa iliyotengenezwa hapa ikiwa na cheti cha uasili inaingia Uganda na Tanzania bila ushuru wa forodha. Mzigo usiozidi dola 2,000, kama bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, una cheti chepesi kinachotolewa palepale mpakani. Msikubali kuambiwa na madalali wa Namanga kwamba hakipo. Na Julai 2024 mkataba wetu wa biashara na Umoja wa Ulaya ulianza kufanya kazi, ukiruhusu bidhaa za Kenya kuingia kule bila ushuru.

Ila Mzungu hatauliza ushuru kwanza. Atauliza ngozi hii imetoka wapi.

Ngozi nyingi tunazokata hulainishwa kwa chumvi za kromiamu, ndiyo maana zikiwa bado hazijapakwa rangi huwa za samawati. Kromiamu hiyo, wanayoiita ya tatu, haina neno. Lakini ngozi ikitengenezwa vibaya, au ikipigwa na joto ghalani, sehemu yake inaweza kugeuka kuwa kromiamu ya sita, ambayo huwasha na kuumiza ngozi ya mvaaji. Tangu 2015 Ulaya hairuhusu bidhaa ya ngozi inayogusa mwili iwe na miligramu 3 au zaidi za kromiamu hiyo kwa kila kilo. Huioni kwa macho, huinusi. Kiwanda kilichoitengeneza ngozi ndicho kinachoweza kukupa karatasi ya vipimo. Wewe unayeokota vipande leo kwa huyu, kesho kwa yule, utatoa karatasi gani?

Najua mtaniambia: Mzee, kiwanda cha Thika au Athi River hakitamsikiliza mtu wa ngozi kumi. Kweli, hakitamsikiliza. Basi nendeni karakana tano pamoja, mnunue mzigo mmoja, mwandike namba ya mzigo ndani ya daftari, na kila jozi ijulikane imekatwa kwenye mzigo upi. Kufichiana bei hapo Kariokor kumetuchelewesha miaka mingi.

Na mlipe. Najua maduka makubwa yanawakalisha miezi mitatu, nami yalinikalisha. Lakini ukimpitishia deni hilo mtu wa soli, atakuletea yale yaliyobaki chini ya gunia, na ukimpigia simu usiku kuna oda ya haraka hatapokea.

Jumamosi asubuhi nitakuwa kwenye benchi langu la zamani. Njooni na ndara iliyorudishwa na mteja, msione haya, zangu zilikuwa 112. Mje pia na yule anayewaletea soli. Chai nitalipa mimi.

Mzee wenu wa ngozi,
Kariokor, Nairobi