Bastola isiyoonekana kwenye eksirei ya uwanja wa ndege haipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo lililoandikwa kwenye makala ya burudani ya Jumamosi iliyopita, iliyohusu silaha za wahusika wa filamu ya Die Hard 2. Mwandishi ameeleza kwamba majambazi wa filamu hiyo walibeba "Glock 7", bastola ya kauri iliyotengenezwa Ujerumani, isiyoonekana kwenye eksirei za uwanja wa ndege, na ameyaeleza hayo kana kwamba anatoa taarifa, ilhali alikuwa anarudia maneno ya mhusika. Ukurasa huo umeshapigwa picha na unazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, tena kwa jina la gazeti lako, ndiyo maana sikuona vema kunyamaza.

Maneno yenyewe ni ya John McClane, askari polisi anayeigizwa na Bruce Willis, anapomfokea mkuu wa polisi wa uwanja wa ndege wa Dulles, nje kidogo ya Washington. Karibu kila alichokisema kuhusu bastola hiyo si kweli. Haijawahi kutengenezwa Glock 7. Bastola iliyotumika ni Glock 17, ambayo ni ya Austria, na jeshi la nchi hiyo ndilo lililoichagua mwaka 1982. Haina kauri hata chembe. Kilichowachanganya watu ni kiunzi chake cha chini pamoja na mpini, ambavyo ni vya plastiki ngumu. Lakini mtutu, springi, pini na ile sehemu yote ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka ni vya chuma, na chuma ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya uzito wake. Ijaze risasi zake 17 na utakuwa umeongeza shaba na madini mengine juu ya chuma hicho. Ukipita nayo kwenye mlango wa kutambua metali, mlango utalia. Ukiipitisha kwenye eksirei, umbo lake litaonekana pamoja na plastiki yake, kwa sababu mashine hiyo huonyesha hata chupa ya maji ndani ya begi.

Uvumi huu una historia, na mwandishi wako angeweza kuitafuta. Mwaka 1986 baadhi ya magazeti ya Marekani yaliandika kwamba Libya ilikuwa inataka kununua Glock na kwamba bastola hiyo ingewapita walinzi wa viwanja vya ndege. Mjadala ukawa mkali, na mwaka 1988 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kupiga marufuku silaha yoyote yenye chuma pungufu ya kiasi cha gramu 105 hivi. Hakuna Glock hata moja iliyoguswa na sheria hiyo. Filamu ilipotoka mwaka 1990, basi, McClane alikuwa anarudia hofu ambayo wabunge walikuwa wameshaimaliza. Kuhusu Ujerumani, labda alikuwa bado anamkumbuka Hans Gruber, kiongozi wa majambazi wa filamu ya kwanza, maana huyo kweli alibeba bastola ya Kijerumani, Heckler & Koch P7M13. Bastola ya McClane mwenyewe, Beretta 92, ni ya Kiitaliano.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mwandishi ameishikilia bastola ambayo haipo, akairuka sehemu ya filamu inayohusu silaha kuliko zote, yaani risasi baridi, zile zinazolia bila kutoa kichwa cha risasi. Wanajeshi walioletwa kuwasaka watekaji wanapambana nao usiku nje ya kanisa, milio inarindima kila upande, na McClane, akifyatua bunduki ya rashasha aliyoinyakua kwa mmoja wa watekaji, anashangaa kuona hakuna anayeanguka. Baadaye anaingia ofisini kwa mkuu wa polisi na kumfyatulia bunduki ileile mbele ya watu, mkuu anabaki mzima, na hapo ndipo kila mtu anapoelewa kwamba pande zile mbili zilikuwa kitu kimoja.

Risasi baridi ni ganda lenye baruti ambalo mdomo wake umebanwa bila kichwa cha risasi. Rashasha hujipakia yenyewe kwa nguvu ya mlipuko, na pasipokuwa na kichwa cha kuziba mtutu, nguvu hiyo hupotelea mbele, bunduki ikafyatua mara moja tu na kukwama. Kwa hiyo mafundi wa silaha za filamu huweka kizibo chenye tundu dogo ndani ya mtutu, mahali ambapo kamera haioni. Silaha yenye kizibo hicho ikipakiwa risasi ya moto inaweza kupasuka mkononi. Wanajeshi wa filamu hii wanabadilisha magazini tu, kutoka za moto kwenda za baridi, na bunduki zinaendelea kumimina kama kawaida, jambo ambalo ningetarajia makala inayochambua silaha ilione.

Wala risasi baridi si mchezo, hasa kwa umbali ule wa ofisini. Mwigizaji Jon-Erik Hexum alifariki mwaka 1984 baada ya kujiwekea kwenye panja bastola ya kuigizia iliyokuwa na risasi baridi na kufyatua kwa utani. Nguvu ya mlipuko, bila kichwa cha risasi, ilivunja mfupa wa kichwa. Willis naye ameeleza kwamba ajali wakati wa kuigiza filamu ya kwanza ilimpotezea theluthi mbili za usikivu wa sikio la kushoto.

Naomba masahihisho kuhusu Glock yachapishwe Jumamosi ijayo kwenye ukurasa uleule wa burudani, kwa herufi zinazosomeka, na siyo pembeni chini ya matangazo ya viwanja.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Morogoro