Ukurasa wenu wa harusi umewasahau wachumba

Mheshimiwa Mhariri,

Gazeti lako la Jumamosi nalifungua kuanzia nyuma, kwenye ukurasa wa harusi, kabla hata sijajua nani kamfunga nani. Humo nimejifunza kukunja kitambaa cha meza kikawa njiwa, na nimejua rangi zisizotakiwa kukaribiana na dhahabu. Nashukuru. Ila nimevishwa pete miezi minne iliyopita, na mpaka leo sijahitaji njiwa hata mmoja. Niliyoyahitaji sikuyakuta kwenu, ndiyo maana naandika.

Nianze na pete yenyewe. Mchumba wangu ni fundi wa majokofu, mtu wa kupima kila kitu, lakini kidole changu alikikadiria kwa macho. Pete ikaja kubwa. Wiki sita nimeivaa nikiwa nimeizungushia uzi mweupe upande wa kiganjani, uzi unaolowa kila nikiosha vyombo, ikifika Ijumaa umeshakuwa wa kijivu. Sonara alinikataza kukimbilia kuipunguza. Alisema kidole huvimba kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi, kwa hiyo nipimwe zaidi ya siku moja. Nikaendelea na uzi.

Ofisini swali lilikuwa moja tu: "Ina almasi?" Haina. Shangazi naye, aliposikia nataka gauni la samawati, alinijia juu: bibi harusi huvaa nyeupe tangu dunia iumbwe. Mimi ni mhasibu, nikiambiwa "tangu zamani" natafuta risiti. Gauni jeupe lilianza kuigwa sana baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa nalo Februari 1840. Kabla ya hapo, hata huko kwao, wengi waliolewa na gauni lao zuri la rangi yoyote, wakaendelea kulivaa baadaye. Na ule msemo kwamba almasi ni ya milele uliandikwa mwaka 1947 na Frances Gerety, mwandishi wa matangazo aliyekuwa akiandikia kampuni ya De Beers, wauza almasi. Shangazi alisikiliza yote hayo mpaka mwisho, akasema, "Haya mwanangu, lakini samawati itakufanya uonekane mgonjwa." Hapo sikuwa na risiti.

Kabla ya pete, Jumamosi yetu ilikuwa ya mtoko. Tunatembea bila kwenda popote, tunakaa kwenye benchi, yeye ananisimulia jokofu lililomshinda, mimi namsimulia bosi. Baada ya pete, mtoko ukageuka ukaguzi. Kumbi tatu kwa siku moja, mpambaji saa nane, mshereheshaji saa kumi. Siku moja tulikuwa tumekaa bustanini, akawa ananieleza anavyotaka kufungua karakana yake mwenyewe, aache kuwa mtu wa kutumwa. Nikamkatiza: "Hapa vinaingia viti mia mbili, ukitoa ile miti." Hakunijibu. Aliokota jani, akalichanachana taratibu mpaka ukabaki uti wake tu. Karakana sikuisikia tena kwa wiki tatu.

Tukaweka sheria. Mambo ya harusi ni nusu saa. Kengele ya simu ikilia, daftari la bluu linafungwa. Atakayelifungua tena anaosha vyombo vya wote wawili. Hadi sasa mwoshaji mkuu ni mimi.

Sisemi mipango haina maana. Kazi yangu ni hesabu, na harusi ni hesabu kabla haijawa maua. Kuna gharama zinazohesabu vichwa na kuna zisizohesabu. Mpiga picha, muziki na mara nyingi ukumbi hubaki palepale, waje watu 100 au 180. Sahani, viti, vinywaji, kadi na ukubwa wa keki hupanda na kila kichwa. Sisi tulimaliza jioni mbili tukibishana juu ya maua ya mezani, kumbe maua yanafuata idadi ya meza, na meza zinafuata waalikwa. Ukipunguza watu 40, na meza moja inakaliwa na watu 8, umeondoa meza 5 pamoja na maua yake, vitambaa vyake na njiwa wake. Basi orodha ya waalikwa ndiyo inayoandikwa kwanza. Ukurasa wenu huanza na rangi.

Na orodha hiyo, Mhariri, ndiyo iliyonionyesha ninaolewa na nani. Kila mmoja aliandika yake pembeni, kisha tukabadilishana. Mimi nilikuwa nimeanza na wakubwa wa ofisini. Jina la kwanza kwenye orodha ya mchumba wangu lilikuwa la mzee mlinzi aliyemwazima bisibisi siku alipoanza kazi hana kifaa hata kimoja. Nilifuta wakubwa wawili bila kuombwa.

Ukumbi nao ulitufunza adabu. Tulitoa arubuni kwa mtu mpole sana, akaandika majina yetu kwenye kalenda ya ukutani kwa penseli. Kwa penseli, na mimi mhasibu nikaona sawa! Wiki mbili baadaye tulipita kuangalia maegesho, tukakuta majina ya watu wengine kwenye tarehe ileile. Ya kwetu yalikuwa yamefutwa, lakini alama zake bado zilisomeka ukiinamisha kichwa. Nusu ya fedha ilirudi, nusu ikaitwa gharama za usumbufu. Usumbufu wa nani, sikuuliza. Sasa hatutoi kitu bila karatasi yenye tarehe, saa ya kuingia na saa ya kutoka, kilicholipwa na kilichobaki, na nani anamrudishia nani endapo upande mmoja utaghairi.

Kuhusu kupima damu, nataka kusema kwa urefu kidogo. Virusi vya UKIMWI kila mtu anajua kupima, na tulipima. Kipimo cha seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, niliomba mimi, kwa sababu nimemuuguza mtoto wa mama yangu mdogo na najua usiku wa maumivu yale unavyokuwa mrefu. Mchumba wangu alishangaa: "Sijawahi kuumwa hivyo, napimwa nini?" Hapo ndipo wengi tunapokosea. Aliyerithi kinasaba cha ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba. Nimesikia watu wazima wakieleza kwamba ni mtoto mmoja kati ya wanne, kana kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, zamu imekwisha na waliobaki wako salama. Hakuna zamu.

Majibu yalitoka hivi: yeye anakibeba, mimi sina hicho wala kingine cha jamii yake. Kwa hiyo watoto wetu hawataugua, ila kila mmoja ana uwezekano wa nusu wa kukibeba kama baba yake. Alisoma ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Njiani akasema, "Basi kuna mzazi wangu mmoja naye anacho." Jioni ile aliwapigia simu wadogo zake, mmoja baada ya mwingine, awaambie wakapime. Mmoja wao naye ana mchumba.

Jingine lilikuja lenyewe. Mvua ilitubana kibarazani mwa duka lililofungwa. Kengele ya nusu saa ilikwishalia, daftari nimelificha ndani ya koti lisilowe. Hatukuwa na la kufanya ila kusimama na kutazama maji. Akasema, "Kuna kitu sijakwambia." Nikajua ni mwanamke. Kumbe miaka miwili nyuma alimdhamini rafiki yake kwenye mkopo, akatia saini, na mkopo bado haujaisha.

Wengi huchukulia udhamini kama ushahidi, kwamba umesimama tu kusema fulani ni mtu mwema. Sivyo. Mkopaji akishindwa, anayedaiwa ni wewe, na hakuna atakayeuliza kama fedha yako ulikuwa umeiwekea harusi au karakana. Nilimuuliza kimebaki kiasi gani, rafiki analipa, amewahi kuchelewa? Analipa. Amechelewa mara moja. Nilinuna kama dakika kumi hivi, halafu nikakumbuka kwamba na mimi nina langu: ada ya mdogo wangu naibeba mimi, na nitaendelea kuibeba kwa miaka mitatu mingine, niolewe nisiolewe. Sikuwahi kulisema waziwazi. Nilidhani anajua. Hakuwa anajua. Mvua ilikatika, watu wakaanza kupita, sisi bado tumesimama palepale tunahesabu kwa vidole. Kesho yake vyote viwili viliingia kwenye daftari la bluu, ukurasa wa kwanza, mbele ya ukumbi.

Ombi langu si kubwa. Ukurasa ubaki wenu na njiwa wenu, lakini mtutengee robo yake sisi ambao siku bado haijafika. Mleteni daktari aeleze vipimo na maana ya majibu. Mleteni mwanasheria aeleze arubuni, mkataba wa ukumbi, na saini ya mdhamini inamfunga mtu kwa kiasi gani. Waulizeni waliooana miaka kumi iliyopita ni swali gani wangetamani kuliuliza wakiwa wachumba. Majibu yao nadhani yatawashinda wapambaji wote kwa utamu. Na wasomaji mnaokutana nasi njiani, badala ya "Lini sasa?", mnaweza kutuuliza habari za kazi. Tunazo.

Jumamosi ijayo hatuna ukumbi wa kuona. Kuna chumba kinapangishwa, kina mlango mpana na umeme wa kutosha, tunakwenda kukitazama. Daftari nitaliacha nyumbani, ila ameniomba nije na futi ya kupimia, nimwambie yanaingia majokofu mangapi.

Wako,
Mhasibu mwenye pete
(Jina limehifadhiwa)